Wajumbe wa Shimo la Pili

Mwenye mgodi alikosa mengi. Hakuwa na meza ya mikutano; alikuwa na mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa. Hakuwa na taarifa ya usalama, hakuwa na usingizi, wala koti linalokubali kufungwa tumboni. Zaidi ya yote, hakuwa na wajumbe huru wa bodi: watu watatu wanaoyajua madini lakini si waajiriwa wake. Bila hao soko la hisa lisingeiorodhesha kampuni yake, na bila soko la hisa mgodi ungefungwa.

Asubuhi ya kikao, watatu walipanda kutoka shimo la pili, wakapangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, wakaketi. Walikuwa wachimbaji waliofukiwa mwaka ule mwenye mgodi alipoagiza nguzo za mwamba zilizoshikilia dari zichimbwe, kwa kuwa zilikuwa na dhahabu nzuri. Mmoja wao alikuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji, umenenepa," alisema.

"Na wewe umekonda."

"Kule chini hakuna jiko."

Mke wa mwenye mgodi alimletea kaka yake kikombe kikubwa cha chai, kisha akamfokea kwa kuchafua kiti.

Afisa wa soko la hisa, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alianza maswali. Ajira? Ilikoma walipofariki. Uzoefu? Wa chini ya ardhi, tena usiokatika. Faida waliyopata kutoka kwa kampuni?

"Hata sanda hatujapata," alijibu mmoja.

Afisa akaweka alama ya vema. "Na huyu anayekuita shemeji?"

"Ndoa ipo," alisema shemeji. "Mimi ndiye sipo."

Afisa aliridhika. "Mna hoja yoyote?"

"Moja tu. Tufukuliwe, tuzikwe. Tumechoka kulala tumekunja magoti."

Mke akatua birika. Mwenye mgodi akauliza ingekuwaje wakizikwa.

"Watakuwa wametoka kwenye bodi," alisema afisa. "Nitumie barua inayothibitisha kwamba hawaondoki." Akafunga mkoba, akaaga.

"Baba watoto, huyu ni kaka yangu," mke alisema.

"Na huu ndio mgodi unaotulisha, mama. Tukishaorodheshwa tutalizungumza."

"Hata zile nguzo," shemeji alisema bila hasira, "ulisema tutazizungumza tukishapanda."

Wajumbe wakarudisha viti ukutani, wakashuka kwa ngazi yao.

Mwenye mgodi akaandika kwamba wajumbe wote wanaishi eneo la kazi na hawana mpango wa kuhama. Alimsogezea mkewe bahasha ailambe gundi, kama alivyozoea. Mke akachukua kikombe cha kaka yake, kilichokuwa bado kimejaa, akatoka nacho.

Basi akailamba mwenyewe. Ilikuwa na ladha ya udongo wa shimo la pili. Akaibonyeza kwa kiganja mpaka ikashika, akamkabidhi dereva.