Nyimbo Mpya za Girdharlal

Ee, nimezima huo wimbo. Na ukiwasha tena nitazima tena, Emmaculate, mjukuu wangu, hata ukinuna. Huyo Girdharlal mimi na yeye tulikosana Jeddah, mbele ya sufuria ya kimanga, na mama yako alikuwepo. Muulize. Au usimuulize, maana uongo wake mwenyewe niliugundua siku hiyo hiyo, atakupa habari nyingine.

Mimi Kihindi sijui. Shule yenyewe niliachia darasa la nne. Lakini nilimwendesha mwenye duka la vyuma pale Voi miaka kumi na mmoja, na kwenye gari lake kulikuwa na kanda za mtu mmoja tu, mtunzi wa nyimbo za filamu za kwao, Girdharlal. Filimbi yake ilikuwa inaingia kama mtu anayebisha hodi na huku anajua mlango uko wazi. Nilizishika zote kwa sikio, maneno nayatafuna tu. Mama yako alipougua surua, siku sita nilimwimbia wimbo mmoja, ule wa filimbi, mpaka akapona akiujua kuliko mimi. Basi tukawekeana sharti, mtoto na baba yake. Girdharlal akitoa mpya, hakuna kusikiliza peke yako. Tunangojana.

Sharti hilo tulilishika hata nilipokwenda Riyadh, kuendesha gari la bosi mtaa wa Naseem. Nikirudi likizo tunakaa chini, tunasikiliza.

Sasa. Mama yako akataka kuja Saudia, kazi ya nyumba, na wewe una miaka mitatu. Nikasema hapana. Nilikuwa nawaona wale wasichana wa kazi za ndani pale Naseem wakitoka kutupa taka, wanavyoitazama barabara kabla ya kurudi ndani. Nikasema, Shirleen, aje mwingine yeyote, wewe hapana. Akasema, "Sawa, baba." Miezi minne baadaye simu inalia, namba ya huko huko. "Baba, niko Jeddah. Usiwe mkali." Na nyanya yako alijua! Jerusha wangu, mama wa kanisa, ndiye aliyemfungia begi.

Nilikata simu. Miezi saba sikuongea na mama yako. Namba yake inawaka, naitazama mpaka inazimika yenyewe.

Halafu Girdharlal, aliyenyamaza miaka tisa, watu wakidhani uzee umemmaliza, akatoa nyimbo za filamu mpya. Nikashika simu, nikamwandikia mama yako: "Girdharlal ametoa mpya. Sijasikiliza." Haikupita dakika. "Na mimi bado, baba. Tungojane."

Siku ishirini na tatu, Emmaculate! Madereva wote wanazipiga, mimi napandisha vioo. Brayo, askari wa geti la jirani, kijana wa Githurai, ananifuata na simu mkononi. "Mzee, nikuonjeshe kidogo? Lakini huyo Mhindi wako ameisha, nakushow." Nikamwambia, wewe unajua nini, wewe uliyebembelezwa kwa honi za matatu?

Siku ya ishirini na tatu bosi akampeleka mama yake umra. Mimi Mkristo, barabara yangu inaishia Jeddah. Pale shemeji yake akawachukua kwa gari lake, wakaenda Makka. "Zacharia, halas, pumzika mpaka kesho." Kilomita mia tisa na ushee nilikuwa nimeendesha usiku kucha, na mgongo sikuuhisi.

Tulikutana Ruwais, mtaa wa hapo hapo Jeddah, kwa Keziah, mama mmoja wa kwetu Wundanyi ambaye mumewe ni fundi wa mafriji. Mama yako alitoka kazini, mtaa wa Safa, kwa ruhusa ya madam wake, mwisho saa tisa mchana. Amekonda. Vidole vimepasuka kwa sabuni. "Shikamoo, baba." Nikasema marahaba, nikaangalia ukuta.

Keziah alikuwa ameponda kimanga, muhogo na maharagwe pamoja kama kwetu, ingawa muhogo ni wa barafu wa dukani, harufu ya nyumbani imejaa chumba. "Mle kwanza," akasema.

Nikasema, kwanza nyimbo.

Tukaweka spika katikati ya mkeka. Wimbo wa kwanza, madebe matupu. Nikajipa moyo, labda mzee anatuchokoza. Wa pili, kijana anaongea mbiombio kama mtu wa mnada. Nikamtazama mama yako. Yeye anatazama vidole vyake. Wa tatu, filimbi. Ile ile! Ule wimbo wa surua. Nikasema moyoni, asante mzee, umekuja. Mama yako akanyoosha mkono, akapunguza sauti. Ndipo king'ora kikalipuka, kama gari la zimamoto limeikanyaga ile filimbi, na yule kijana wa mnada akarudi kupiga makelele juu yake. Wimbo wake mwenyewe! Mtu anaweza kujiibia kwake, na vyombo akavunja?

Halafu nikauona ule mkono, bado uko kwenye spika.

"Shirleen. Ulijuaje king'ora kinakuja?"

Keziah akaacha kugeuza mwiko.

"Nilizisikiliza siku ya kwanza, baba. Jikoni, nikipiga pasi. Kabla hujaniandikia."

"Ukajua ni takataka."

"Takataka kabisa."

"Ukaniacha nizibe masikio siku ishirini na tatu. Nivuke jangwa lote lile."

"Ningekwambia ni mbaya, ungekuja?"

Nikainuka, nikaenda dirishani. Chini, mtu alikuwa anaosha teksi, anasugua mlango mmoja tu, tena na tena. Nikawaza: mke, mtoto, na Girdharlal. Wote watatu niliwaamini bila karatasi. Na lile swali la mama yako lilikuwa bado limesimama mgongoni kwangu, linangoja.

"Baba Shirleen," Keziah akaita, "hasira haijazi tumbo, na huyu saa tisa anatakiwa kwa madam. Kimanga changu kikipoa ni saruji, mtajengea."

Mama yako akaja na birika na beseni, akasimama mbele yangu kama nyumbani. Sikumsamehe pale, usije ukasema babu alisamehe. Nilinyoosha mikono tu. Maji yalikuwa ya vuguvugu; alikuwa ameyapasha. Akamimina polepole, mpaka birika likaisha, na mimi sikuiondoa mikono.

Keziah akazima spika. Tukaketi mkekani sote watatu, tukala.