Isale Halimo Kwenye Fomu

Usiku wa jana niliota mthamini wa serikali amerudi kihambani kwangu, kwenye shamba letu la ukoo, safari hii amebeba mizani ya kupimia kahawa.

"Shikamoo, Mama Eliaichi."

"Marahaba. Si ulishamaliza kupima?"

"Nilipima vitu. Leo napima thamani."

Niseme kwanza nililala na nini kichwani. Barabara mpya inapita katikati ya kihamba chetu. Nyumba imepigwa alama ya X nyekundu tangu Februari, na asubuhi ya leo nilitakiwa ofisi ya kata nikabonyeze dole gumba kwenye fomu ya fidia. Nilikuwa nimekataa. Majirani wanasema nataka niongezwe, na wanaosema hivyo ni walewale waliochomeka miche mia ya parachichi siku moja kabla ya kuhesabiwa. Mimi sina ugomvi na hesabu za watu wa Serikali. Nina ugomvi na adabu zao.

Basi, mthamini anafungua kitabu cha sheria.

"Thamani ni bei ya soko," anasoma. "Twende sokoni."

Nyumba yangu inajikung'uta vumbi na kutufuata. Njiani inaomba tupunguze mwendo, msingi unaiuma.

Sokoni inakaa kati ya wauza ndizi na muuza dagaa. Mama mmoja anabonyeza ukuta kwa kidole, kama anachagua parachichi.

"Ya lini hii?"

"Ya mwaka themanini na tatu," najibu.

"Imelala," anasema, anageukia dagaa.

Mthamini anaandika. Nyumba imeinamisha paa. Niliona uchungu, nikaishika kitasa, maana naijua, haipendi kusemwa mbele za watu.

Nikigeuka tuko kihambani tena. Kumetulia kupita kiasi. Migomba haitikisiki.

"Baada ya uthamini hairuhusiwi kuendeleza chochote," mthamini ananikumbusha.

Kumbe wametii wote. Mgomba mmoja umeukumbatia mkungu wake usinenepe. Kuku wangu amekaa, macho yamemtoka.

"Mama, nina yai hapa tangu Februari," anasema. "Niulizie kama naweza kulitoa."

Mthamini anasema ombi hilo litapelekwa wilayani.

Tunafika kaburini. Mume wangu Ndekirwa, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita, amekaa ukingoni, viatu vimepigwa kiwi.

"Wameniandika 'kaburi, saruji, moja'," ananiambia. "Kuhama nitahama. Lakini isale kaleta nani?"

"Isale ndiyo nini?" anauliza mthamini.

Namweleza. Ni hilo jani refu tunalolipanda mipakani na makaburini. Kwetu Wachaga, aliyekukosea huja na isale lililofungwa fundo, akasema nimekosa. Ukishaletewa huwezi kukataa, hata kama amekuulia ndugu.

Mthamini anaipekua fomu ukurasa kwa ukurasa. Anarudia tena kutoka mwanzo.

"Halimo, mama. Kuna nyumba, mazao, kaburi na posho ya usumbufu."

"Basi alilete aliyekosa."

"Hapo labda Serikali yenyewe."

"Iite," anasema Ndekirwa.

Serikali inatokea migombani. Ni fupi kuliko nilivyodhani, imevaa mabuti ya mvua, mikono imejaa rangi nyekundu. Inachuma isale, inaligeuzageuza. Haijui kufunga. Ndekirwa ananitazama. Nami, kwa aibu ya kumwacha mgeni ahangaike uani kwangu, naishika mkono na kuifundisha: pitisha hapa, rudisha huku, kaza. Inakosea mara mbili. Mara ya tatu inafunga kinyume, fundo linatazama kushoto. Nikaiacha hivyo hivyo.

"Sasa unasema nimekosa."

"Nimekosa," inasema Serikali, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Halafu inaongeza kitu ambacho sikuifundisha. "Nilihesabu kaburi. Sikuuliza ni la nani."

Nililia. Ndekirwa akavaa kofia yake. Kuku akatoa yai.

Niliamshwa na kuku anayetetea uani. Kumekucha. Nilipofungua mlango nikakuta isale kizingitini, limefungwa fundo, na fundo linatazama kushoto. Nikaliokota. Lilikuwa na rangi nyekundu, mbichi. Ile ya ukutani ilikauka Februari.

Binti yangu Eliaichi akatoka jikoni na chai.

"Nani kapita hapa?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, mama. Geti bado lina kufuli. Vipi, utaenda? Wanafunga daftari leo."

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Aliyeifundisha Serikali kufunga ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na isale likishaletwa halikataliwi. Nikalitazama dole gumba langu. Lilikuwa jekundu mpaka kwenye kucha.

"Nitolee viatu vya kanisani," nikamwambia. "Wino ninao."