Kochi la Kuazima

Kochi liligoma kupita mlangoni. Mke wa muuza nyama alisukuma, kinyozi akavuta, na Mama Zipu, mwenye nyumba na mwenye shida, akawa anazunguka huku na huku akiwasihi wasichubue mbao. Mwishowe liliingia kwa ubavu. Lilipotua sakafuni, chumba kilikuwa hakina tena pa kupita, ila Mama Zipu alilitazama akaridhika kabisa.

Jina la Mama Zipu lilitokana na kazi. Alikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa akibadilisha zipu, akipunguza suruali za waliokonda na kupanua za walionenepa. Cherehani ilikuwa ya mwenye duka. Vyake vilikuwa mkasi, sindano na macho, na macho yenyewe yalishaanza kumfanyia jeuri. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye mtaa ulimwita Profesa tangu utotoni, siku alipomwuliza kinyozi swali kuhusu umeme ambalo kinyozi hajalijibu mpaka leo.

Chuo kikuu kilikuwa na mpango wa kuzungukia shule za watu wa chini. Waliwachagua watoto wenye akili ambao kwao hakuna kitu, wakawafundisha siku za mapumziko, halafu waliofaulu mtihani wa mpango wakasomeshwa chuoni bure hadi mwisho. Profesa alikuwa ameufaulu. Kilichobaki ni mgeni wa chuo kuja nyumbani. Mwalimu wa Profesa alipiga simu asubuhi ile, sauti ikikatikakatika, akasema hayo tu: mgeni anakuja leo kuiona nyumba, na atafuatana na binti kutoka kambi ya masomo.

Sasa, Mama Zipu alijua aina moja tu ya wageni wanaokuja kuona nyumba kwa ajili ya binti, nao ni wakwe. Na wakwe wakikuta kigoda na ndoo iliyofunikwa kifudifudi, hunywa maji, husema asante, na hamwaoni tena. Chuo nacho, alijiambia, hakiwezi kumchukua mtoto wa watu wasioeleweka. Usimcheke. Mwanao angekuwa ndiye anayetazamwa, hata wewe ungefua mapazia.

Basi akaazima. Kochi na bilauri zilitoka kwa mke wa muuza nyama, televisheni ikatoka kwa kinyozi. Gauni alilovaa, la rangi ya zambarau lenye mikono mirefu, lilikuwa la mteja aliyelileta kubadilishiwa zipu na angelifuata kesho. Majirani wakaapa siri hiyo wataenda nayo kaburini.

"Ila Redio asijue," Mama Zipu aliwaambia.

"Redio tena! Akijua yeye, chuo kitakuwa kimeshajua," kinyozi alisema, wakacheka.

Redio alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwembamba mwenye macho makubwa, aliyeumbwa bila kitufe cha kuzimia. Juzijuzi tu Mama Zipu alikuwa amemwambia bombani, mbele ya watu, kwamba mdomo wake hauna mlango na asikanyage tena kwake. Tangu siku hiyo walikuwa wakipishana bila salamu.

Mgeni alifika jua likiwa kali. Alikuwa msichana tu, viatu vyake vimejaa vumbi na mkoba kauvaa begani. Alipokaa, kochi lilimmeza hadi magoti yakakaribia kidevu. Profesa alibaki mlangoni. Aliliangalia kochi, akaiangalia televisheni, akamwangalia mama yake kuanzia mabegani mpaka miguuni, na uso ukamsawijika.

"Mama, hivi..."

"Kaa, mwanangu. Mbona unasimama kama mgeni kwenu?"

Mgeni alifungua faili lake, akauliza kwa upole kama kochi ni lao.

"Letu hilo," Mama Zipu alijibu, akalipapasa.

"Na televisheni?"

"Yetu. Kila jioni tunatazama habari. Mtoto anayesoma lazima ajue ya dunia."

"Mama!" Profesa alisema.

"Adabu yako! Watu wazima wanaongea."

Kalamu ya mgeni ilikuwa ikienda mbio, na kila ilivyoenda ndivyo Mama Zipu alivyozidi kupata moyo. Akaongeza kwamba nyama si kitu kigeni nyumbani humo. Akatia chumvi kidogo kuhusu shemeji mwenye gari. Shemeji huyo hakuwahi kuzaliwa. Kalamu ikasimama.

"Mama," mgeni alisema, "unajua nimekuja kufanya nini?"

"Kuona kama sisi ni watu wa heshima."

"Heshima yako siitilii shaka. Nimekuja kuona kama mna shida." Alifunga faili. "Binti yako alituambia mnalala kwenye godoro moja chini. Akasema cherehani si yako, na kwamba siku nyingine anasomea chini ya taa ya kinyozi. Shule yake imebakiwa na nafasi moja, na kuna wenzake wanaisubiri. Mwenye uwezo hatumchukui. Aliyetudanganya ndiyo kabisa."

Jasho jembamba lilimtoka Mama Zipu chini ya gauni la watu. Alimtazama mwanawe. Profesa alikuwa ameuma mdomo wa chini, na machozi yalikuwa yakishuka bila sauti. Miaka yote ile ya kuamka kabla ya jogoo, na sasa chuoni angeandikwa mwongo. Aliyemfanya mwongo ni mama yake mzazi, kwa kochi.

"Nimeviazima!" Mama Zipu aliropoka. "Vyote! Kochi si langu, televisheni ya kinyozi, sina shemeji! Mtoto amesema kweli tupu."

Mgeni alishusha pumzi. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuchoka, na hilo lilimtisha Mama Zipu zaidi.

"Wiki iliyopita niliingia nyumba tupu, wakaniambia hawana hata kijiko. Sakafuni kulikuwa na alama za miguu ya friji, mbichi kabisa. Watu wakishajua tunachotafuta, hadithi hubadilika. Dakika hii umeniambia kochi ni lako. Nishike lipi?"

"Njoo uone ninapolala." Mama Zipu alivuta pazia. Nyuma yake kulikuwa na godoro moja jembamba, vitabu vya Profesa, na hakuna kingine.

"Naona. Lakini na ile nyumba ya friji ilikuwa na godoro moja. Vitanda vilikuwa kwa majirani." Mgeni alifikiri kidogo. "Nyumba hudanganya, mama. Kukiwa na utata, huwa tunawauliza watu wa karibu."

"Waulize!" Mama Zipu karibu apige vigelegele. "Wapo hapo nje, waulize!"

Walikuwa nje kweli, wamejibanza chini ya dirisha, masikio yamewasimama. Mke wa muuza nyama aliingia wa kwanza, kinyozi akamfuata, kila mmoja na sura ya shahidi mwaminifu.

"Hili kochi ni la nani?" mgeni aliuliza.

"Hili?" Mke wa muuza nyama alimkonyeza Mama Zipu. "La Mama Zipu! Lililetwa na gari, nikaliona kwa macho yangu haya. Mimi mwenyewe huwa nakuja kulikalia."

"Hapana, shoga," Mama Zipu alisema. "Sema kweli. Mambo yamegeuka."

"Huyu ndivyo alivyo, hapendi kujisifu," mke wa muuza nyama alimwambia mgeni.

"Na televisheni ndiyo tunayoangalilia mpira," kinyozi alidakia. "Mama huyu ana uwezo, sema tu ni mnyenyekevu."

"Jamani, nawaomba! Semeni ni vyenu!"

Mke wa muuza nyama alimshika mkono, akauminya. "Usiogope," alimnong'oneza. "Tupo nyuma yako."

Walikuwa nyuma yake kweli, na walikuwa wakimsukuma shimoni. Mama Zipu alitamani kucheka, akatamani kupiga mtu kofi. Majirani gani tena wangeapa uongo hivyo kwa ajili ya jina lake? Kadiri alivyowasihi ndivyo walivyozidi kumpamba, mpaka kinyozi akamwongezea na kiwanja.

Mgeni alijinasua kutoka kwenye kochi, akavaa mkoba wake.

"Asanteni," alisema. "Nimesikia vya kutosha."

Profesa alichuchumaa pembeni ya mlango, akaficha uso magotini. Mama Zipu aliona ile nafasi moja ikiondoka na viatu vyenye vumbi, na ndipo alipokumbuka kwamba mtaani kuna mtu mmoja asiyeweza kufunga mdomo hata alipwe. Akatoka mbio. Redio alikuwa akianika nguo, shati hilohilo kwa mara ya tatu, maana mtu hawezi kusikiliza vizuri akiwa na kazi nyingine.

"Redio, njoo useme."

"Mimi?" Redio alibana kibanio cha nguo polepole. "Mimi si nina mdomo usio na mlango? Si nilikatazwa kukanyaga kwako?"

"Nilikosa. Nisamehe, dada yangu."

"Ulinisema bombani, mbele za watu."

"Na sasa nakuomba mbele za watu. Mwanangu anapotea. Sema yote unayoyajua kuhusu nyumba yangu. Usinifichie kitu."

Redio alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha. Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia, na asisubiri kuulizwa.

"Kochi la mke wa muuza nyama. Chini ya mto wa kushoto pana doa la mafuta, mtoto wake alimwagia, geuza uone. Televisheni ya kinyozi, na hata kuwaka haiwaki, nyumba hii haina umeme. Bilauri zimetoka kochi lilikotoka. Gauni la mteja. Geuka, Mama Zipu, dada aone pini mgongoni, zipu bado haijatiwa."

Mama Zipu aligeuka. Mgeni aliziona pini. Akainua mto wa kushoto, akaliona doa. Kinyozi aligundua ghafla kwamba ana mteja dukani, ila miguu haikumbeba.

Hapo pangetosha. Lakini Redio aliambiwa aseme yote, na Redio hajawahi kupewa ruhusa ya namna hiyo maishani.

"Na bado. Huyu mama kila jioni humwambia mtoto kwamba amekula kazini. Kazini amlishe nani, cherehani? Hajala! Namwona mimi kwa macho yangu. Anapita nyuma kwangu, kwenye pipa langu, anakunywa maji vikombe viwili, anajifuta mdomo, ndiyo anaingia ndani. Anajaza tumbo lisije likanguruma mtoto akasikia. Anadhani simwoni. Na ukiniuliza, hili sijamwambia mtu." Akashika ncha ya kanga. "Hili peke yake."

Mama Zipu alishika ukingo wa kochi. Kochi aliweza kulikana, gauni pia, lakini yale maji alidhani ni siri yake na Mungu. Hakuthubutu kugeuka upande wa mlango.

Profesa alisimama.

"Siendi," alisema.

"Unasemaje?"

"Siendi chuo. Dada, nafasi mpe mwingine. Nitatafuta kazi. Siwezi kukaa chuoni nashiba, mama yangu anakunywa maji ya pipa."

Mgeni alifungua mdomo, lakini Mama Zipu alimzuia kwa mkono. Alimsogelea mwanawe mpaka pumzi zao zikakutana, pini za gauni la watu zikimchoma mgongoni.

"Nisikilize. Wakubwa walisema ukivuliwa nguo, chutama. Mimi leo nimevuliwa mbele ya mtaa mzima, na niliyemwita aje kunivua ni mimi mwenyewe. Sikuchutama. Nimesimama hivi hivi wakanitazama. Unajua kwa nini? Kwa ajili ya hicho chuo. Sasa wewe ukisema huendi, utakuwa umeniacha uchi bure." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Utaenda. Utasoma. Na huko utakula, ushibe, wala usinionee huruma."

Profesa alimkumbatia, pini zikamchoma na yeye.

Mke wa muuza nyama alivuta kamasi. "Sisi tulikuwa tunakufichia aibu," alisema, nusu kwa hasira. "Ungetuambia mapema." Akampa kinyozi ishara, nao wakaanza kulisukuma kochi kurudi lilikotoka. Safari hii lilipita bila kugoma. Redio aliwafuata, na alipofika mlangoni akageuka.

"Hii siitangazi," alisema. Hakuna aliyecheka, maana ilionekana anasema kweli.

Chumba kilibaki na kigoda na ndoo. Mgeni aliifunika ndoo kifudifudi, akaikalia, akafungua faili.

"Nilikuwa nimeshaandika hapana," alisema, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akakata na wa pili. "Nafasi ni ya binti yako, nitaisimamia mimi. Ila kuna swali moja lazima nilijaze kwa kauli yako mwenyewe, mama, si ya jirani. Hapa nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Yeye, mara mbili."

"Na wewe?"

Mama Zipu alimtazama mwanawe. Uongo ulikuja wenyewe hadi ulimini, kwa mazoea. Akaumeza.

"Moja."

"Na leo?" Aliyeuliza sasa alikuwa Profesa.

"Leo bado."

Mgeni aliandika. Profesa alikunja mikono ya shati, akaenda kuwasha jiko.