Mzinga wa Baba Barazani

Mzinga wa baba yangu ni gogo lililotobolewa ndani, na ubavuni lina mikato mitatu, alama ya ukoo wetu. Mwenyewe niliupeleka kwenye makumbusho yetu madogo hapa Ishiara ili watoto wauone, nikapewa na kazi ya ulinzi. Basi fikiria nilivyochemka pale Nyaga, mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, aliponiambia unauzwa.

"Mzee Ireri, mabati inavuja. Tusipouza hii moja, hizo zingine zote zitaoza. Na hiyo ni mbao tu."

Mbao tu! Mtu aliyelelewa kwa asali ya mzinga huohuo, maana tulikuwa majirani. Lakini kuhusu mabati alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mnunuzi alikuwa Shueib, mfanyabiashara kutoka mji wa Maua anayetafutia mahoteli vitu vya kale. Angekuja Jumamosi. Nyaga akaniamuru niutoe nje, niuweke barazani, niupake kitu ung'ae. Mimi najua kitu kimoja tu cha kupaka mzinga: nta. Nikapaka nje. Halafu mkono, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukaingia ukapaka na ndani. Naapa sikuwa na hila. Ila mvua ilikuwa imenyesha, migunga imechanua, na kila Mmbeere, sisi watu wa nyuki, anajua kinachofuata, isipokuwa Nyaga aliyesomea Nairobi.

Alhamisi kundi zima la nyuki lilihamia mzingani. Nililiona, nikanyamaza. Kazi yangu ni ulinzi, si utangazaji.

Jumamosi asubuhi na mapema, nyuki hawajatoka, Shueib alifika na pikapu. Nyaga, kwa kujipendekeza, akaukumbatia mzinga aubebe peke yake. Mzinga ukanguruma.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Nyaga yeye alifuatwa, mpaka chooni, akajifungia. Shueib alikuwa ameshaingia garini.

"Mzee," aliniita kupitia ufa wa kioo, "mimi nanunua vitu vya kale. Hii bado iko kazini!" Akaondoka.

Nilisimama mbali nikalia kwa furaha, wala sioni aibu kusema. Tangu baba afe, mzinga ule haukuwa umetoa sauti.

Jumatatu Nyaga alirudi, jicho moja limefungika kwa uvimbe.

"Mzee, hiyo asali tunavuna lini? Tuuze, tununue mabati."

"Kwa desturi anavuna mwenye alama," nikamjibu, nikimwonyesha ile mikato mitatu. "Wewe utashika ndoo."