Bunda la Kuku

Na bunda hilo hapana, hilo hampi mtu, hata kama binti wa watu ametoka Dar kwa treni mpaka Mpanda na gari likalala matopeni njia ya Kakese, mengine achukue, makaratasi yote yako hapa mkekani mbele yake, kazi ya maisha ya Baba Agape, Daktari Lyamba, marehemu mume wake Minza, mtu aliyekuwa akichoma watu sindano mchana kutwa, jioni anazunguka kwa wazee kuwauliza zamani mlikuwa mkiumwa nini na mkitibiwaje, buba hii hapa, malale haya hapa pamoja na vijiji vilivyohamishwa kwa ajili ya mbung'o, ndui hii hapa iliyoandikwa mara mbili… "Ni haya tu, mama?" ameuliza huyu Goreth aliyekuja kukusanya nyaraka, kalamu yake imesimama hewani inangoja, na Minza anajifanya mvua imemeza swali, mvua ya mwaka huu ambayo redio inaiita Elinino na yeye anaiita mvua isiyo na adabu, anainama, anasukuma kuni zisizohitaji kusukumwa, lakini jicho lake, jicho lisilojua kutunza siri, linapanda lenyewe juu ya mafiga, kwenye uchaga, nyuma ya mahindi ya mbegu, ambako limebaki bunda moja, shuka wewe jicho, shuka upesi, binti anaangalia… mara mbili, ndiyo, kwa sababu ndui ya kwanza ililiwa na mchwa ndani ya sanduku, sebuleni, mahali pa heshima, karatasi zote, na Minza akalia kama aliyefiwa, Baba Agape akakuna kidevu akasema basi, mchwa wa Kakese wameshachanjwa, hawataugua tena, mtu gani yule, akaketi akaanza upya, na ndipo Minza, Msukuma mtoto wa wakulima, alipoyabeba makaratasi yote akayaleta huku jikoni, maana kwao kitu unachotaka kukiona tena mwakani unakiweka kwenye moshi, mahindi au daktari, moshi haubagui, akayafunga kwa bendeji zilizokwisha kazi ambazo leo zina rangi ya chai, na Goreth alipoinua bunda la kwanza akalinusa, Minza akajua yamekwisha, atayakataa, atasema yananuka jiko, kumbe binti akatabasamu tu akaandika, akafungua la pili akaandika, na sasa amefika mwisho anauliza ni haya tu… sema ndiyo, neno lenyewe dogo hivyo, ndiyo mwanangu ni hayo, limekwama wapi… maana lile la juu halikufungwa kwa bendeji, limefungwa kwa kipande cha kitenge, kitenge chake Minza cha maua ya njano, kilichochanwa siku ile Baba Agape alipoanguka na baiskeli njia ya Mishamo, mguu ukavunjika, na badala ya kupelekwa hospitali aliyofanyia kazi akang'ang'ania apelekwe kwa Mzee Anicet, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akiunga mifupa kule kwenye makazi yao ya wakimbizi, kwa kuwa, alisema huku jasho la maumivu likimtiririka, mtu anayeandika habari za waganga hapati bahati kama hii mara mbili, na Mzee Anicet akaomba kuku, akamvunja kuku mguu palepale alipovunjika daktari, akawafunga wote wawili vijiti kwa kitenge cha Minza, kipande kikubwa cha mtu, kidogo cha kuku, akasema kwa upole, "Huyu kuku sasa ni wewe, Daktari. Akitembea, na wewe utatembea. Nyie mkimla, shauri yenu," nao wakarudi nyumbani watatu, mke, mume na kuku, mume kitandani, kuku uani, na Minza katikati, maana mgonjwa hawezi kuinuka kwenda kumwona mgonjwa mwenzake, basi kazi ikawa ya Minza, anachungulia dirishani anatangaza, leo kala, leo kasimama, leo kagusa chini, na kitandani sauti inauliza kagusa au kakanyaga, angalia vizuri Minza, hii ni sayansi, naye anajibu mimi nina ugali motoni, sina sayansi, na yote yakaandikwa, hata ugali… halafu wakaja wenzake wa kazini kumjulia hali, wakamwona kuku na vijiti vyake, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na jina likazaliwa hapohapo, Daktari Kuku, likatembea Mpanda nzima kabla kuku mwenyewe hajatembea, Lyamba akacheka nao, Minza hakucheka, aliwaandalia chai bila sukari akaapa moyoni kwamba hakuna msomi atakayeyashika makaratasi yale amcheke mumewe tena, na sasa marehemu hana hata mdomo wa kucheka nao, hivyo ndivyo anavyojiambia tangu amzike, ule mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, ni aibu yake namfichia, mke gani asiyemsitiri mumewe… "Mama, kama yapo mengine tunaweza kungoja, mvua yenyewe haijakata," anasema Goreth, sauti ya mtoto aliyelelewa, na mlangoni matetea mawili yameingia kujikinga mvua, yanajikung'uta bila hodi, vizazi vya kuku yuleyule, maana nani angemla, aliishi akazeeka akafa kifo chake, akichechemea kidogo mguu wa kushoto, na Baba Agape akichechemea kidogo mguu wa kushoto, wakipishana uani asubuhi, na daktari mzima anamwinamia kuku, umeamkaje mwenzangu… cheko linampanda Minza tumboni, rudi, halirudi, anaiona ile asubuhi, kuku katia mguu chini, kakanyaga, kakanyaga kweli, kaenda mpaka kwenye pumba, na yeye Minza akaacha mwiko ndani ya sufuria akapiga vigelegele peke yake utadhani kuna harusi, ugali ukaungua, na kule kitandani mtu mzima akacheka mpaka machozi… sasa aibu iko wapi hapo, hebu ionekane, miaka yote ya ndoa alikuwa mume wa wagonjwa na wa wazee wa watu, siku zile tu ndipo alipokuwa wake, hatoki, haitwi, anamwuliza yeye, anaandika maneno yake yeye, Minza kasema, Minza kasema, kila ukurasa… kumbe si aibu ya mume aliyoifungia moshini, ni furaha yake mwenyewe, ameogopa ikishuka haitakuwa yake tena, mjinga wee, kwani wakisoma watamnyang'anya nini, na Baba Agape alivyokuwa akiwaambia wagonjwa wenye haya, mficha uchi hazai, hebu tuone hicho kidonda… wacheke huko Dar, wacheke sana, mwenyewe alicheka wa kwanza, nani atamfikia… mvua ni ileile, kalamu ingali hewani, Goreth bado anangoja kwa heshima zake, na Minza amekwisha vuta kigoda chini ya uchaga, amepanda, mkono mmoja unasogeza mahindi ya mbegu pembeni.

"Bado moja, mwanangu," anasema, "la kuku. Ila kaa vizuri kwanza."