Kifusi cha Nyumba ya Seline

Jumanne saa tatu asubuhi, huko Kisian, Dishon alivuta kiti cha shemeji yake Seline, akakaa kivulini, akaanza kupiga simu kutafuta gari la kubeba kifusi. Nyumba yenyewe alikuwa ameibomoa jana yake, Seline akiwa sokoni.

Kosa la Seline ni kwamba Oluoch, mumewe, alipofariki, yeye alikataa kurithiwa na Dishon, ndugu wa marehemu. Kwa mila zao, mjane asiyerithiwa haezekewi paa. Mafundi walimkwepa miaka minne, mvua ikamnyeshea kitandani, kisha Dishon huyohuyo akatangaza kwamba nyumba ni mbovu, itaua watu. Mkavu wa macho, huyo.

Vyumba viwili, alikadiria, ni pikapu moja. Vibarua wakatia karai moja la kifusi na pikapu ikajaa hadi ukingoni. Walipoimwaga, kikatoka kifusi cha karai moja. Dishon akamgombeza dereva kwa kuleta gari dogo, akaagiza tipa ya tani saba kutoka Mamboleo. Karai moja likaijaza hiyo nayo, springi zikalia. Saa saba likaja lori la magurudumu kumi, nalo likajaa vivyo hivyo.

Mathenge, dereva wa lori, alichungulia nyuma, akajipangusa mikono.

"Hii ni nyumba ya mtu, Mzee. Mwambie mwenyewe apakie."

Dishon akamgeukia Seline, aliyekuwa amesimama kando ya kifusi. "Mama Akinyi, wewe ndio unasumbua gari za watu. Pakia takataka yako."

"Si takataka. Ni nyumba yangu."

"Basi beba nyumba yako uende!"

Seline alimchukia kwa moyo wake wote, wala hakuficha. Lakini kibarua mmoja alikuwa amekanyaga tofali la dirisha la jikoni, lile ambalo Oluoch alichora juu yake jina la binti yao kwa msumari, na hilo Seline hakuweza kulivumilia. Akamwita Waswa wa mkokoteni, aliyekuwa akishusha maji kwa jirani. Akapakia kwa mikono yake: matofali, mabati, mlango, sakafu. Vyote vikaingia, na juu pakabaki nafasi ya kiti. Akamwambia Dishon ainuke.

Mkokoteni ukaishia mtaani Obunga, kwa Caren, dada yake Seline. Kulikuwa na chumba kimoja tu, na nje hapakuwa hata na pa kusimamisha jiko. Nyumba ikawekwa uvunguni mwa kitanda, ikatoshea. Mvua ikinyesha Kisian, uvungu hulowa, na Caren huweka sufuria.

Dishon alianza kuchimba msingi wa nyumba za kupangisha pale pale kiwanjani, jioni hiyohiyo ya Jumanne. Alhamisi akapiga simu, sauti kali. Kizingiti kimoja kilikuwa kimesahaulika, watu sita wameshindwa kukinyanyua, fundi amesimama bure.

"Njoo utoe kitu yako kwa shamba yangu," akasema.

Seline akajifunga leso, akaenda kumtafuta Waswa.