Ncha ya Pili ya Blanketi

"Toka humo, dada," Everlyne alisema kwa sauti ya chini, amesimama mlangoni pa bafu. "Nitatafuta mtu mwingine wa kufua."

Mejumaa alikuwa ndani ya beseni kubwa, leso ameikunja magotini, akilikanyaga blanketi kwa miguu. Maji ya tatu yalikuwa yameanza kutakata. Hakutoka.

"Nimekosa nini, Mama Sheryl?"

"Hujakosa kitu. Nimeambiwa habari ya kichwa chako."

Basi mtaa mzima wa Ganjoni ulikuwa na habari. Mwezi uliopita Mejumaa aliteleza kwenye ngazi za gorofa hiyohiyo, akaenda kupigwa picha ya kichwa. Picha ikaonyesha jambo lisilohusiana na kuanguka: mshipa mmoja wa damu ubongoni umevimba, kiasi cha punje ya dengu. Haujapasuka. Daktari alisema uvimbe ni mdogo, watauangalia kila mwaka. Anywe dawa ya presha, atembee, afanye kazi, ila asinyanyue mizigo mizito wala asijikakamue huku amezuia pumzi. Hapo penye neno kazi Mejumaa alimrudisha daktari aseme tena, ahakikishe amesikia sawa.

Watu wengine hawakusikia hapo. Walisikia mshipa, wakasikia ubongo, yakaishia hapo. Mumewe Kenga alizima redio. Majirani walimjia na sukari kama waendao matangani, wakaketi mkekani wakinong'ona, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapikia chai. "Kwani nimekufa lini?" aliwauliza. Hawakucheka, na hilo lilimuudhi kuliko mshipa wenyewe.

Kazi hii ikiondoka, atarudi kuketi nao pale mkekani, asubiri wanachokisubiri. Aliogopa hilo kwa moyo wote.

"Ukianguka humu, nitamwambia nini Kenga?" Everlyne aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Kuanguka naweza. Hata wewe waweza. Lakini daktari hakunambia nilale, Mama Sheryl, alinambia nisinyanyue. Kufua nitafua. Kulikamua blanketi peke yangu ndiko nisikoweza tena. Vua viatu, ushike ncha ile."

Everlyne alikuwa na sare yake ya ofisi ya bandarini, imepigwa pasi ikasimama. Aliikunja mikono ya sare hadi viwikoni. Kisha akavua viatu.

Walimwaga maji kwanza, wakaliburura blanketi hadi kibarazani, kila mmoja akasokota upande wake. Mejumaa alisokota taratibu, akivuta pumzi na kuitoa. Everlyne alisokota kwa nguvu zake zote, meno ameyauma, mashavu yamejaa hewa, macho hayabanduki usoni mwa mwenzake.

"Mama Sheryl."

"Nini? Unaumwa?"

"Pumua."

Everlyne akaiachia pumzi yote, nusura acheke. Maji yakamwagika miguuni mwao, yakapita ukingoni, na huko chini mwenye tuktuk akalalama kwamba analoweshwa.

"Sogea basi," Mejumaa alimwitikia kwa sauti iliyofika barabarani. "Bado liko blanketi jingine."